Mtoto Hasikii

Mwezi uliopita waliniita kwenye hafla yao. Walikodi ukumbi wa nyumba moja ya wageni hapa Masasi, wakavaa fulana za kufanana zilizoandikwa kifuani "Kutoka Nadharia Hadi Vitendo", na mgongoni jina la mwalimu wao, Mwalimu Sengasu, aliyefariki mwaka jana na ambaye sasa, kwa kuwa amekufa, amekuwa mtu mwema. Kati ya wanafunzi wake sita wa mwaka niliowafasiria walikuja watano, wana vitambi na miwani, na funguo za magari wamezilaza mezani ili tuzione. Mimi waliniweka meza ya mbele wakanitambulisha kuwa "Mama yetu Mkalimani". Nikatabasamu. Nina miaka hamsini na mbili, nimeshajifunza kutabasamu bila kuhusika. Kisha akasimama Herieth, ambaye siku hizi ni mkubwa wa shirika fulani Dodoma na huongea kama anayesoma karatasi hata anapoomba chumvi, akasema atasimulia kisa kilichowafundisha kazi. Akasimulia kisa cha Bibi Somoe wa Chilangala na mjukuu wake Zuhura. Alikisimulia vizuri mno, ila hakikuwa kile. Watu wakapiga makofi. Mimi nilikuwemo katika kisa hicho mwanzo hadi mwisho, na maneno yaliyokiharibu yalitoka kinywani mwangu, kwa hiyo nitakisimulia mwenyewe.

Ya wazazi na ukoo nayaruka, kila kitabu kinayo. Nilikuwa na miaka ishirini na miwili, kidato cha nne nimemaliza, nasema Kimakonde cha nyumbani, Kimakua cha majirani na Kiswahili cha shule. Chuo kimoja cha Dar es Salaam kilileta wanafunzi sita wa ustawi wa jamii waje wafanye mazoezi kwa mwaka mzima, na Mwalimu Sengasu akatafuta mtu wa kuwasaidia: awapeleke kwenye nyumba za watu, awafasirie, awaonyeshe mahali pa kuvua viatu. Kasisi wetu akanitaja mimi. Mwalimu alinieleza kazi yangu kwa sentensi moja ambayo bila shaka aliipenda, maana aliirudia mara nyingi: "Utawasaidia hawa waunganishe nadharia na vitendo." Mimi sikujua nadharia ni nini. Nilidhani ni mtu.

Walipanga nyumba Mkomaindo, hapahapa Masasi, nyuma ya maduka yanayotazamana na hospitali. Sebule ilikuwa na makochi yaliyofunikwa vitambaa vya kufuma vya mwenye nyumba, na juu ya vitambaa hivyo wale sita walitupa vitabu, taulo na miguu yao. Ukutani walibandika karatasi kubwa yenye miduara: mtoto katikati, kisha mduara wa familia, wa kijiji, wa serikali. Herieth aliichora kwa kalamu za rangi na hakutaka iguswe. Mama Saidi, aliyekuwa akiwapikia, alipokuwa akifagia aliutazama ule mchoro akaniuliza kwa Kimakonde kama hawa watoto wa watu wanacheza bao. Chakula chake walikidharau. Aliwapikia ugali wa muhogo na mbaazi za nazi, chakula ambacho mimi nilikuwa nakiota nikiwa shule ya bweni, wakakigeuza geuza na vijiko kama wanaotafuta kitu kilichodondoka. Nikiwa jikoni niliwasikia: "Huku wanakula mizizi, nimeona sokoni, mizizi kabisa, ya kuchimba." "Ndiyo umaskini wenyewe huo, andika." Walikuwa wanaisema ming'oko. Ukiichemsha ming'oko vizuri, ukaimenya ikiwa bado ya moto na kuichovya kwenye chumvi na pilipili, huhitaji kuonewa huruma na mtu. Lakini mmoja wao aliandika kweli, niliiona baadaye kwenye ripoti: jamii inaishi kwa mizizi ya porini.

Siwezi kusema walikuwa watu wabaya. Watu wabaya hujishughulisha. Hawa walikuwa wanatafuta kurasa. Kila Jumatatu gari lilitupandisha Newala na kila Alhamisi likatuteremsha, na katikati walikuwa wakigawana nyumba za Chilangala na vijiji vya jirani kama watu wanaogawana matuta ya kupalilia. Ni Festo peke yake aliyekuwa tofauti, na yeye tulimcheka wote. Alikuwa mrefu, mzito wa kuongea, mtoto wa wakulima wa kwao Singida. Akiingia kwenye nyumba ya mtu alisahau fomu. Alimkuta mama anabangua korosho naye akakaa kubangua, akatoka na vidole vilivyochomwa na mafuta ya maganda na karatasi nyeupe. Ripoti yake ya kwanza ilikuwa na kurasa tatu. Mwalimu Sengasu aliisoma kwa sauti mezani, wakati wa chakula, na wote tukacheka. Nilicheka kuliko wote. Nilikuwa nimeanza kujiona mmoja wao.

Ila wao hawakuniona mmoja wao, na hapo ndipo chuki yangu ilipoanzia. Herieth alikuwa na desturi ya kunisahihisha mbele za watu. Nikisema "ntoto", kama tunavyosema sisi, anainua kalamu: "Dada Agnes, si ntoto. M-toto. Sema mtoto." Wenzake wanainama kuficha meno. Siku moja mzee mmoja wa Newala aliulizwa kama nyumbani kwake wanapata mlo, akajibu wanakula, hakuna shida. Mimi nilijua ile ni heshima tu, hakuna mzee atakayemwambia binti mgeni kwamba jana hakula. Nikawaambia: "Anasema wanakula, lakini ni adabu tu, hawana kitu." Herieth akanishtaki. Jioni Mwalimu akaniita barazani, akanisimamisha, akasema, "Agnes, wewe ni bomba. Maji yanaingia huku, yanatokea kule. Bomba haliongezi sukari. Kuanzia leo ni neno kwa neno." Nikaitika ndiyo Mwalimu. Moyoni nikasema haya, mtapata neno kwa neno.

Kwa Bibi Somoe tulikwenda mara ya kwanza mwezi wa nne. Alikuwa mwanamke mfupi, mkavu, anafika labda miaka sitini na mitano, anamlea binti wa marehemu mwanawe. Nyumba yake ilikuwa ya udongo yenye vyumba viwili, sakafu imepigwa maji na kufagiwa mpaka inang'aa, mahindi ya mbegu yananing'inia juu ya moshi wa jiko. Zuhura alikuwa na miaka saba. Alikaa mlangoni akimenya ming'oko, hakutuamkia. Herieth alimwita kwa jina mara mbili, hakugeuka. Bibi akanyoosha mkono, akamgusa begani, ndipo mtoto akainua uso na kutupa shikamoo kwa sauti kubwa isiyo na kipimo. Bibi akasema kitu kwa Kimakonde, huku ameshika sikio lake mwenyewe. Nikafasiri, neno kwa neno, kwa moyo mweupe kabisa wakati huo: "Anasema mtoto hasikii."

Herieth akaandika. Sikutazama anaandika nini. Msomaji anajua kwamba Kiswahili kina neno moja kwa mtoto asiyesikia kwa masikio na kwa mtoto mtukutu asiyesikia la mkubwa. Herieth alichukua la pili, kwa sababu ndilo lililokuwa na sura yake kitabuni. Kila juma tuliporudi alikuta ushahidi mpya. Mtoto haendi shule kila siku. Mtoto anachimba porini na bibi yake, huo ni utumikishwaji. Mtoto haongei na wageni, hana mafungamano na mlezi. Sebuleni Mkomaindo aliusimulia mduara wake ukutani kwa kidole, na Mwalimu akitikisa kichwa kwa furaha kama baba ambaye mtoto wake ameota jino. Festo alisema mara moja tu, taratibu, "Lakini yule bibi humgusa kila anapotaka kumwambia kitu. Kwa nini?" Herieth akamjibu, "Udhibiti." Nami nilikuwa pale nakunja nguo, nikasikia swali lile, likanipita.

Siku yenyewe ilikuwa mwezi wa sita, asubuhi. Upepo wa uwandani ulikuwa mkali, vumbi jekundu limetujaa machoni. Asubuhi hiyo garini Herieth alikuwa amenifundisha kusema "mchele" mara nne. Tukakaa kwenye mkeka wa Bibi Somoe, naye Herieth akaanza maswali ya fomu mpya. Je, mlezi anampenda mtoto? Nikafasiri. Bibi akanitazama kama aliyesikia vibaya, akajibu mtu atampendaje mjukuu wake zaidi ya hivi. Herieth akasema jibu halijawa wazi, tuulize tena. Nikauliza tena. Akasema tuulize kwa namna nyingine: je, mlezi hajawahi kuona mtoto ni mzigo? Bibi Somoe akamvuta Zuhura katikati ya magoti yake, akambana kwa mikono yote miwili, akasema kwa Kimakonde, nyusi zimepanda juu, "Mchukueni, basi. Mpelekeni kwenu mkamlishe kuku. Mimi nimemchoka."

Hakuna mtoto wa Kimakonde wa miaka mitano asiyeielewa sauti ile. Ni jibu la mtu aliyeulizwa upuuzi mara tatu nyumbani kwake. Nilipaswa kucheka. Nilipaswa kusema, bibi amekasirika, tuombe radhi tuondoke. Badala yake nilimwangalia Herieth na kalamu yake iliyo tayari, nikakumbuka mchele, nikakumbuka bomba, nikasema kwa Kiswahili kilichonyooka kuliko chochote nilichowahi kusema mbele yake: "Anasema mmchukue. Anasema amemchoka." Nilipata raha. Sitaficha hilo. Niliiona kalamu ikikimbia na nikafikiri, andika, mjinga wewe, uone watakavyokucheka wanaoijua lugha. Nilifikiri kuna mtu mahali fulani, mwenye akili, atakayeisoma ripoti na kugundua. Sikujua kwamba ripoti husomwa na watu wanaotafuta sahihi iko wapi.

Wiki tatu baadaye Zuhura alichukuliwa, akapelekwa kituo cha watoto upande wa Masasi, kwa uangalizi wa muda. Mimi siku hiyo sikupelekwa Chilangala, walisema maneno yamekwisha, hahitajiki mkalimani. Niliambiwa na Mama Saidi, aliyeambiwa na dereva. Nilikuwa nachambua mchele. Niliendelea kuuchambua, na mpaka leo nakumbuka kwamba sikuacha.

Aliyenitoa pale ni Festo. Mwezi wa tisa alipangiwa kwenda kituoni, akaniomba niende naye kwa kuwa kuna watoto wa huku kwetu. Tulimkuta Zuhura amekaa peke yake kwenye benchi la ukumbi wa chakula, amekonda, amenyolewa. Mlezi wa zamu akatueleza kwamba mtoto ni mkaidi, ukimwita hatikisiki, wamemnyima mboga mara kadhaa ili ajifunze. Festo alichukua sufuria tupu mezani, akaenda akasimama nyuma ya Zuhura, akaliachia kwenye sakafu ya saruji. Mpishi alipiga kelele. Mimi niliruka. Zuhura aliendelea kuchora na kidole juu ya benchi. Festo akaokota sufuria, akaniuliza, "Yule bibi alisema nini hasa, siku ya kwanza?" Nikauona ule mkono umeshika sikio. Nikamwambia. Kisha nikamwambia na lile la mwezi wa sita, jinsi lilivyosemwa na jinsi nilivyolifikisha. Nilitegemea anitukane. Alikaa kwenye benchi pembeni ya mtoto, akafunika uso kwa viganja vyake vikubwa, akasema tu, "Agnes. Agnes."

Nilimwendea Mwalimu Sengasu siku ileile. Alikuwa sebuleni anakula kuku wa kukaanga, chini ya ile miduara. Nikasimama, maana hakuniambia nikae.

"Mwalimu, yule mtoto wa Chilangala hasikii."

"Ndivyo ilivyoandikwa."

"Hasikii kwa masikio, Mwalimu. Na bibi yake hakusema tumchukue. Alikuwa anatukejeli. Mimi ndiye niliyekosea."

Akachomoa mfupa mdomoni, akauweka ukingoni mwa sahani kwa uangalifu. "Ripoti ya Herieth nimeshaipeleka chuoni. Ndiyo bora ya mwaka huu. Unataka niwaambie nini, kwamba mkalimani amebadili mawazo?" Kisha, kwa upole ambao mpaka leo naudharau kuliko ukali wake: "Usijibebeshe, mwanangu. Wewe ulikuwa mkalimani tu."

Mimi na Festo tukaenda wenyewe kwa afisa ustawi, mama mmoja mchovu mwenye meza isiyo na droo na mafaili yaliyopangwa chini ukutani. Yeye ndiye mtu pekee mwenye cheo mwaka ule aliyenisikiliza mpaka mwisho. Alimpeleka Zuhura kwa daktari, ikathibitika kwamba sikio la kushoto limekufa kabisa na la kulia linasikia kidogo. Mwezi wa kumi, korosho zimeanza kuanguka, yeye na Festo na mimi tukampandisha mtoto Chilangala. Zuhura alipoiona nyumba hakukimbia. Alitembea mpaka mlangoni, akakaa palepale alipokuwa akikaa, akatupa mgongo. Bibi Somoe alipiga magoti mbele yake, akamshika kichwa kilichonyolewa, akakigeuza huku na huku kama anayekagua chungu kilichoazimwa. Alimshukuru afisa. Alimpa Festo kigoda. Kisha akaniita mimi pembeni, na akaongea nami kwa Kiswahili, Kiswahili safi, cha pwani.

"Mimi nimekaa Lindi miaka kumi na mmoja kwenye mkonge," akasema. "Siku ile nilikusikia. Nilisema maneno ya hasira nikangoja ucheke. Uwaambie, huyu mzee anawatania. Hukucheka. Ulikuwa unamwangalia yule binti wa kalamu, mimi hukuniangalia."

"Bibi, kwa nini hukusema mwenyewe?"

"Wameingia kwangu na mtu wa kunisemea. Nani aliniuliza kama najua kusema? Na siku walipokuja kumchukua nilisema, kwa Kiswahili hichihichi. Yule binti akaandika kwamba nimebadili kauli."

Nikapiga magoti kumwomba radhi. Akaniambia niinuke, nitachafua kanga.

Hili la kubadili kauli Herieth hakulitaja ukumbini. Alisema Bibi Somoe alikuwa mlezi aliyekiri udhaifu wake, kwamba kuingilia kati kwa wakati ndiko kulikofichua tatizo la masikio, na kwamba leo Zuhura ni fundi wa kushona Newala, tunda la kazi ile. Zuhura ni fundi kwa sababu shangazi yake ana cherehani. Festo hakuwepo kulisahihisha hilo. Alifelishwa mazoezi, akarudia mwaka, na nilipouliza kwa nini hawakumwalika walisema hawana namba yake. Ninayo mimi. Baadaye mshereheshaji akaniletea kipaza sauti, mama yetu atupe mawili matatu. Nikasimama nikasema, "Bibi Somoe hakusema hivyo. Mimi ndiye niliyesema hivyo." Herieth akatazama sahani yake, halafu mshereheshaji akaangua kicheko akasema Wamakonde kwa utani hawajambo, makofi kwa mama, akachukua kipaza sauti chake akatangaza pilau. Wakapanga foleni. Nami nilipanga.

Kama wangeniachia dakika mbili zaidi ningewasimulia la Januari. Mwaka wao ulipokwisha, chuo kilileta kundi jingine, na Mwalimu Sengasu, ambaye hakuwa mtu wa kutafuta mkalimani mpya wakati wa zamani yupo, akaniajiri tena. Nami nikakubali. Nilijiambia nitakuwa mwema sasa. Tukawapeleka Chilangala kuwatambulisha mbele ya mkutano wa kijiji, vijana sita wapya na fomu zilezile, nami nimesimama mbele yao na daftari kifuani. Mwenyekiti alipomaliza, Bibi Somoe aliinuka kutoka upande wa wanawake. Zuhura alikuwa ameshika upindo wa kanga yake. Aliongea kwa Kiswahili, polepole, ili kila mgeni aelewe.

"Wanangu, karibuni. Nyumba yangu ni ile ya mwisho kabla ya mikorosho. Mje mnapotaka, mniulize mnalotaka, nitajibu. Lakini huyu," akaninyooshea kidole, "mwacheni barabarani."

Hakuna aliyecheka. Mwenyekiti alimtazama Mwalimu, Mwalimu akanitazama mimi, na mimi sikuwa na la kufasiri. Nilimkabidhi daftari mwanafunzi aliyekuwa karibu nami, msichana mdogo aliyelipokea kwa mikono miwili, kwa adabu, bila kujua ni la nini. Kisha nikatoka katikati ya watu nikaenda kusubiri gari la kuteremka Masasi. Wale sita wa kwanza walitathminiwa wote mwaka ule, kwa alama na mihuri. Mimi nilitathminiwa na Bibi Somoe, na ndiyo tathmini pekee ya mwaka ule ninayoikubali.